Kwa nini nagana inamuua ng'ombe na kumwacha mchungaji

Ng'ombe na mchungaji wake wakipita pori moja la miombo, mbung'o hachagui. Anamdunga ng'ombe mguuni, anamdunga mchungaji shingoni, tena anaweza kumdunga kupitia shati. Wiki chache baadaye ng'ombe anaanza kukonda na majani yapo tele. Manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, damu inapungua mwilini, maziwa yanakauka, mwenye mimba anaitoa. Asipotibiwa, kwa kawaida anakufa. Mchungaji alijikuna pale alipodungwa, akasahau.

Nzi ni yuleyule, na mara nyingi alichobeba mateni ni kilekile: kimelea cha seli moja kiitwacho tripanosoma, chembamba, chenye mkia wa kuogelea. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikiona mwaka 1895 katika damu ya ng'ombe huko Zululand, Afrika Kusini ya leo, na ndiyo maana aina moja ikapewa jina la Trypanosoma brucei. Ugonjwa wa mifugo ni nagana, au ugonjwa wa ndorobo kama wanavyosema wafugaji wengi Tanzania. Kwa binadamu ni malale. Na kwa binadamu si hadithi: kati ya 1900 na 1920 malale iliua watu wanaokadiriwa kuwa 200,000 hadi 300,000 katika Busoga na mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Uganda.

Kwa hiyo swali lina sehemu mbili, na ya pili inaikoroga ya kwanza. Kwa nini tripanosoma nyingi zinashindwa kabisa kumpata mtu? Na kwa nini chache zinampata? Jibu limechukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana, na limepitia mahali ambapo hakuna aliyetarajia: damu ya nyani, figo za Wamarekani Weusi, mkulima mmoja wa India, na dume la ng'ombe lililozaliwa kwenye taasisi ya utafiti Nairobi.

Sumu iliyofichwa kwenye mafuta ya damu

Mwaka 1902 Alphonse Laveran, Mfaransa yuleyule aliyekuwa amekigundua kimelea cha malaria, aliwadunga panya wenye tripanosoma seramu ya binadamu, yaani yale majimaji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda. Vimelea vikatoweka.

Ukitaka kuona kilichowapata, weka tone la damu ya panya mgonjwa chini ya hadubini. Tripanosoma zinajipinda na kujikunjua, zinazisukuma chembe nyekundu huku na huku kama zina haraka. Ongeza seramu ya mtu. Kwa muda hutaona mabadiliko. Kisha ndani ya kimelea kijifuko kimoja kinaanza kuvimba. Ni kile ambacho seli hutumia kumeng'enyea chakula, lisosomu kwa jina la kitaalamu. Kinavimba mpaka kinaelekea kuujaza mwili mzima, mkia unalegea, mwendo unakuwa wa kuyumba, na hatimaye utando wa nje unapasuka. Saa chache zinatosha kumaliza kazi yote.

Nini hasa kinaua? Mwaka 1978 Mary Rifkin, akifanya kazi New York, alionyesha kwamba sumu hiyo husafiri ndani ya HDL, yale mafuta ya damu ambayo daktari akikupima kolesteroli hukuambia ni mazuri. Ilibidi kusubiri hadi 2003 ndipo Etienne Pays na wenzake wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels walipomtaja mwuaji mwenyewe: protini inayoitwa APOL1.

Namna inavyoingia ndani ya kimelea ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tripanosoma inayoishi kwenye damu haiwezi kujitengenezea himu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake, na bila hiyo haikui vizuri. Hivyo imejiwekea kwenye ngozi yake mlango maalumu wa kudaka himoglobini iliyovuja kutoka kwenye chembe zilizokufa, ikiwa imebebwa na protini ya mwili iitwayo haptoglobini. Mwili wa binadamu umetengeneza protini nyingine inayofanana sana na haptoglobini, nayo pia hubeba himoglobini, lakini imepachikwa kwenye chembe ileile ya HDL iliyobeba APOL1. Kimelea kinaona chakula chake, kinakivuta ndani chote pamoja na sumu, kama fisi anavyoibeba nyama aliyotegewa. Ndani ya lisosomu kuna asidi. APOL1 ikikutana na asidi hiyo inajichomeka kwenye utando na kufungua tundu. Chumvi zinaingia, maji yanazifuata, kifuko kinavimba. Mengine umeshayaona chini ya hadubini.

Ng'ombe hana APOL1. Wala mbuzi, mbwa au farasi. Hata miongoni mwa jamaa zetu wa karibu ni wachache walio nayo: gorila anayo, nyani anayo, na baadhi ya ndugu wa nyani. Sokwe, ambaye kwa damu ni jirani yetu kuliko nyani, aliipoteza. Ndiyo maana mtu hatakiwi kudhani kwamba kinga hii ni alama ya kuwa kiumbe wa daraja la juu. Ni silaha ambayo ukoo mmoja ulibaki nayo na ukoo wa pili ukaiacha, na wote wanaishi.

Uthibitisho kwamba APOL1 ndiyo inayotulinda ulikuja bila mtu kuupanga. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa jimbo la Maharashtra, India, alipata homa za kupanda na kushuka, na damu yake ikakutwa imejaa Trypanosoma evansi. Hicho ni kimelea cha ngamia na farasi, hakihitaji mbung'o, na hakikutarajiwa kabisa kumwambukiza mtu. Walipochunguza jeni zake wakakuta nakala zote mbili za APOL1, ya baba na ya mama, zimevunjika. Seramu yake haikuua kitu. Alitibiwa kwa suramini, akapona. Kuna jambo moja kuhusu mtu huyu ambalo wakati ule halikuzingatiwa sana: aliishi bila APOL1 hata kidogo na figo zake zilikuwa nzima.

Kimelea kinajibu

Kama mambo yangeishia hapo, malale isingekuwepo. Lakini tripanosoma mbili zilipata njia ya kupita. Moja, gambiense, inatawala Afrika Magharibi na Kati, na huua polepole, hata kwa miaka. Ya pili, rhodesiense, ni ya upande wetu, kutoka Uganda hadi Zambia na Malawi, nayo huua kwa miezi. Uganda ndiyo nchi iliyojaliwa zote mbili, gambiense kaskazini-magharibi, rhodesiense kusini-mashariki.

Rhodesiense ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1910, kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa. Chini ya hadubini huwezi kuitofautisha na brucei ya ng'ombe. Je, ni kimelea kimoja kinachobadilika kikimwingia mtu, au ni viwili? Wakoloni wa Kiingereza walijenga maabara Tinde, karibu na Shinyanga, na kuanzia miaka ya 1930 wakaihamisha rhodesiense kutoka mnyama hadi mnyama kwa mbung'o wao wenyewe, kondoo na swala, kwa takriban miaka ishirini, huku kila baada ya muda wakiijaribu kwa watu kuona kama bado inawashika. Ikaendelea kuwashika. Maandiko yanawaita watu hao wa kujitolea. Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingeikataa kazi ile siku ya kwanza. Mwaka 1958, nchini Kenya, madaktari walichukua damu ya pongo, wakamdunga mtu, naye akapata malale. Njia ilikuwa ya aina ileile, lakini jibu lilikuwa wazi: ugonjwa wa mtu unajificha ndani ya wanyama wasioonyesha dalili yoyote.

Siri ya rhodesiense ilifunguliwa Brussels mwaka 1998. Ni jeni moja tu, SRA. Ukiichukua ukaipandikiza kwenye brucei ya kawaida, nayo inaacha kufa kwenye seramu ya mtu. Ajabu ni mahali ilipotoka. Tripanosoma huvaa koti la protini, na ina jeni zaidi ya elfu moja za makoti tofauti. Kinga ya mwili ikishalijua koti moja, kimelea kinavaa jingine, na ndiyo sababu kubwa ya kukosekana kwa chanjo hadi leo. SRA ni jeni ya koti iliyokatwa na kufupishwa. Protini yake haivaliwi tena nje. Inakaa ndani ikiisubiri APOL1, inaidaka sehemu ya mwisho na kuishikilia isiweze kufungua tundu. Gambiense ilipita njia nyingine, kwa jeni iitwayo TgsGP iliyojulikana kazi yake mwaka 2013, pamoja na kuubana ule mlango wa himoglobini usiingize sumu nyingi. TgsGP nayo ilitokana na koti.

Ujuzi huu haukubaki maabara. Mwaka 1998 malale ya rhodesiense ililipuka Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo haikuwa na kawaida ya kuwepo. Wachunguzi waliifuata nyuma mpaka soko la mifugo, ambako ng'ombe walikuwa wakiingizwa kutoka maeneo yenye ugonjwa ili kujaza mazizi yaliyokuwa yameporwa wakati wa vita. Kwa kuwa sasa SRA inajulikana, waliweza kupima damu ya ng'ombe na kusema huyu amebeba kimelea cha mtu, yule amebeba cha mifugo tu, kitu ambacho hadubini isingeweza. Dawa ikaelekezwa kwa ng'ombe. Ukitaka kumlinda mtu wa Soroti, unamtibu ng'ombe wake.

Mtu naye anajibu, na figo zinalipa

Kwa miaka mingi Wamarekani Weusi wamekuwa wakipata figo kushindwa kufanya kazi mara tatu hadi nne zaidi ya Wazungu wa huko. Lawama zilitupiwa shinikizo la damu, kisukari, chakula, umaskini, na yote yana mchango wake. Mwaka 2010 kundi la Martin Pollak huko Boston, likishirikiana na Pays yuleyule wa Brussels, lilitangaza kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko ndani ya jeni ya APOL1.

Kuna aina mbili za jeni hiyo zilizobadilika. G1 ina herufi mbili zilizogeuzwa. G2 imepoteza vipande viwili vya protini, na vipande hivyo viko palepale SRA inapopenda kushika. Matokeo yake SRA inateleza, APOL1 inabaki huru, rhodesiense inakufa. Mabadiliko haya yalizuka Afrika ndani ya takriban miaka elfu kumi iliyopita na kuenea haraka, dalili kwamba aliyekuwa nayo alikuwa na faida kubwa. Kwa Wayoruba karibu nakala 4 kati ya kila 10 za jeni hiyo ni G1. Meli za watumwa ziliyavusha bahari, na leo karibu asilimia 13 ya Wamarekani Weusi wamerithi nakala mbili zenye mabadiliko, moja kwa kila mzazi. Kwao hatari ya aina fulani ya makovu kwenye vichujio vya figo imepimwa kuwa kama mara 17 ya wengine, na ile ya figo kuharibiwa na VVU mara 29.

Wengi wataikumbuka selimundu hapa, na wana haki. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba nakala moja ya selimundu analindwa dhidi ya malaria kali. Ila mlinganisho huo una mpaka. Mwenye nakala mbili za selimundu ni mgonjwa tangu utotoni. Mwenye nakala mbili za G1 au G2, kwa uwezekano mkubwa, ataishi na kuzeeka bila figo zake kuwa na shida. Lazima kitu cha pili kiongezeke. VVU visivyotibiwa ni kimoja. Dawa za intafaroni, zinazoiga ishara ambayo mwili hujipa ukishambuliwa na vimelea, ni kingine: kuna wagonjwa waliopewa kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, figo zikaanguka, na walipopimwa wakakutwa na nakala mbili. Sababu ni kwamba mwili ukihisi maambukizi huongeza utengenezaji wa APOL1, na si kwenye ini pekee bali hata ndani ya seli za figo zenyewe.

Hapo ndipo madhara yanapofanyika. Kila kichujio cha figo kimezungukwa na seli zenye vimiguu vilivyoshikana kama vidole, na kati ya vidole hivyo ndimo mkojo unamopenya huku protini zikizuiwa. APOL1 ya kawaida ndani ya seli hizi haina matata. G1 na G2 zikiwa nyingi hufungua matundu kwenye utando, madini ya potasi yanavuja, seli inachoka na kufa, na seli hizi hazizaliwi upya kwa urahisi. Protini zinapita kwenda kwenye mkojo. Mtu anaona povu chooni, miguu inavimba, na mara nyingi anapofika hospitali nusu ya safari imekwisha kupita.

Utafiti wa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa wa Uganda na wa Guinea, uliongeza utata unaostahili kuangaliwa kwa makini. Uganda, dhidi ya rhodesiense, wenye G2 walikuwa na kinga ya takriban mara tano. Guinea, dhidi ya gambiense, wenye G1 walielekea kubeba kimelea bila kuugua, na wenye G2 walielekea kuugua zaidi. Jeni ileile inamlinda mtu wa Busoga na kumponza mtu wa Guinea. Msomaji akikutana na kichwa cha habari kinachosema jeni ya kinga imegunduliwa, aulize kwanza ni kinga dhidi ya nini, na wapi.

Na aulize swali hilohilo akisikia jeni ya Waafrika. Mwaka 2011 watafiti walipowapima Waethiopia hawakukuta G1 wala G2, na ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU, ambao ni wa kawaida kwa wenye asili ya Afrika Magharibi, haukuonekana kwao. Kwetu Afrika Mashariki mabadiliko haya yapo, lakini kwa viwango vya chini kuliko vya Wayoruba. Hatari inafuata historia ya mahali, nani aliishi na kimelea gani kwa miaka elfu ngapi, haifuati rangi ya ngozi. Nasisitiza hili kwa sababu tiba ya Marekani ilikuwa na desturi mbaya: kanuni ya kukokotoa nguvu ya figo ilimwongezea Mmarekani Mweusi alama kwa kuwa ni mweusi tu, akaonekana ana figo nzuri kuliko alizonazo, na wengine wakachelewa kuingia kwenye orodha ya kupandikizwa. Ni mwaka 2021 tu ndipo mashirika ya wataalamu wa figo huko yalipopendekeza kanuni isiyo na rangi.

Mwaka 2024 utafiti wa watu zaidi ya 8,000 wa Nigeria na Ghana ulitikisa jambo jingine lililodhaniwa limekwisha. Ilisemwa kwamba nakala moja haina neno. Wao wakakuta hata nakala moja inaongeza hatari, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko mbili. Ndivyo inavyokuwa tukifanya utafiti Afrika badala ya kukisia kutoka ng'ambo.

Kwa msomaji wa kawaida, iwe Mwanza au Minneapolis, kipimo cha jeni si cha kukimbilia. Kijiti cha kupima protini kwenye mkojo ni cha bei ndogo na kipo hata kwenye zahanati nyingi. Pima na shinikizo la damu. Mwenye VVU ameze dawa zake kila siku, kwa kuwa ARV zimeupunguza sana ugonjwa huu wa figo popote zilipofika. Mwenye ndugu anayesafishwa damu kwa mashine, au anayefikiria kumpa ndugu yake figo, huyo ana sababu ya kweli ya kumuuliza daktari kuhusu APOL1.

Hapa mkulima wa Maharashtra anarudi. Kama ubaya wa G1 na G2 ungetokana na upungufu wa APOL1, yeye asiye nayo kabisa angekuwa wa kwanza kuharibikiwa figo. Hakuharibikiwa. Maana yake ni kwamba tatizo ni APOL1 mbovu kufanya kazi isiyotakiwa, na ukiizuia hupotezi kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila nacho, almradi huishi kwenye mbung'o. Kampuni ya Vertex ya Boston ilitengeneza kidonge cha kuziba matundu hayo, inaxaplin. Matokeo ya kwanza yalichapishwa Machi 2023: kwa wagonjwa 13 walioimeza dawa ipasavyo kwa wiki 13, protini kwenye mkojo ilishuka kwa wastani wa asilimia 47.6. Watu 13 ni wachache mno kumfanya mtu apige vigelegele. Tena nina swali ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha: dawa kama hii ikifika siku moja Serengeti au Luangwa, je, mtu anayeimeza atabaki na seramu inayoua nagana?

Jeni ya nyani ndani ya ng'ombe

Nyani, yule anayeiba mahindi shambani, ametupita. Seramu yake inaua brucei na inaua rhodesiense pia, kwa kuwa ncha ya APOL1 yake ina umbo ambalo SRA haiwezi kulishika. Nyani wa Guinea, mwenye manyoya mekundu, anaua hata gambiense. Mwaka 2009 kundi la Jayne Raper wa New York lilionyesha kwamba panya akipewa jeni za nyani anastahimili tripanosoma za mifugo na za binadamu pia.

Wazo lililofuata lilikuwa la wazi: mpe ng'ombe. Huko Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ikishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland walikotoka watengenezaji wa kondoo Dolly, ilianza kwa kujifunza kumnakili ng'ombe aina ya Boran kutoka seli moja. Dume likazaliwa mwaka 2012, wakaliita Tumaini. Tumaini hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa jaribio la njia: ukiweza kuzalisha Boran kutoka seli iliyokuzwa maabara, basi unaweza kwanza kuichomeka jeni kwenye seli hiyo.

Sababu za kutaka ng'ombe huyo ni za haki. Malale kwa watu imepungua mno, kutoka wagonjwa karibu 40,000 walioripotiwa mwaka 1998 hadi chini ya 1,000 kwa mwaka tangu 2018, na Agosti 2025 WHO ilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Nagana haijapungua namna hiyo. FAO hukadiria ng'ombe milioni 3 hufa nayo kila mwaka barani, na dawa wanazouziwa wafugaji ni zilezile za miaka ya 1950 na 1960, ambazo vimelea vingi vimekwisha kuzizoea.

Hata hivyo mimi nina mashaka. Kimelea kilichounda SRA kutokana na koti kuukuu, kisha TgsGP kutokana na koti jingine, hakitashindwa kutafuta njia ya tatu kikikutana na mamilioni ya ng'ombe wenye silaha moja. Kuna pia fundisho la figo: APOL1 si protini ya kuingiza mwilini mwa mnyama bila kumfuatilia miaka mingi. Na kuna sheria za vyakula vya jeni zilizobadilishwa, ambazo katika nchi zetu bado ni uwanja wa ugomvi.

Wakati huo huo kuna mnyama mwingine aliyetoa jibu jepesi zaidi. Kuro anaishi katikati ya mbung'o, lakini ukichunguza damu iliyo tumboni mwa nzi hao ni nadra kuikuta yake. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, waligundua kwamba harufu ya kuro inawafukuza. Waliichambua, wakatengeneza mchanganyiko wa kemikali zake, wakautia kwenye kola anayovishwa ng'ombe shingoni. Huko Shimba Hills, kaunti ya Kwale, majaribio yaliyochapishwa 2017 yalionyesha ugonjwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 kwa mifugo iliyovishwa. Unguja walikwenda mbali zaidi: madume zaidi ya milioni 8 yaliyohasiwa kwa mionzi yalizalishwa Tanga na kumwagwa kisiwani kwa ndege, majike yakapandwa na madume yasiyozaa, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa Septemba 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Bara, ukisafisha wilaya moja, nzi wa wilaya ya pili wanahamia.

Ng'ombe mwenye jeni ya nyani akipatikana kesho, kupe hatamjua. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, itampata kama inavyompata mwenzake, na mfugaji ataendelea kuogesha. Ikiwa ni lazima aogeshe, basi achague dawa ya jamii ya pairethroidi, inayoua kupe na mbung'o kwa pamoja. Wala si lazima amwagie mwili mzima: mbung'o hupenda kutua miguuni na tumboni, na kunyunyiza sehemu hizo kunampunguzia mfugaji gharama. Kwa mbung'o peke yake hiyo inatosha. Kupe wanaojificha masikioni wanahitaji kupakwa dawa hukohuko.